Ukurasa Uliotutangulia Butiama

Nilitoka Mugeta siku ya Jumanne nikiwa na furaha. Nataka ijulikane hivyo, maana kabla ya saa sita mchana furaha yenyewe ilikuwa imekwisha. Nilikuwa namsindikiza mjukuu wangu Wegesa, binti wa mwanangu Magesa, kwenda Bunda kununua vitu vya chuo: ndoo yenye mfuniko, shuka mbili nyeupe, viatu vyeusi visivyo na kisigino, na kuchapisha ile karatasi wanayoiita fomu ya kujiunga. Alikuwa amechaguliwa kusomea uuguzi. Katika ukoo wetu, tangu kwa Nyamumwi aliyemzaa mama yangu, hakuna mwanamke aliyewahi kuitwa na chuo chochote. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne. Haya nayaandika kwa mkono wangu, polepole, kwa ajili ya akina mama wa Mugeta waliobaki nyumbani wakituombea. Kila mmoja ananiuliza safari ilikuwaje, na nimechoka kurudia.

Kwanza niseme habari ya kukubali, maana ndiyo iliyotupeleka mbali kuliko tulivyopanga.

Kwetu neno la kukubali husemwa mbele ya watu. Binti akiposwa, ng'ombe wakifika, mzee wa upande wetu anasimama anasema tumepokea. Watu wa pande zote mbili wanasikia, na imekwisha. Hakuna anayedai karatasi. Basi ujumbe ulipoingia kwenye simu ya Magesa kwamba Wegesa amechaguliwa na anatakiwa athibitishe, mimi nilijua la kufanya. Simu hiyo tunaiwekeaga kile kifurushi kidogo, cha kuchati na picha tu, maana ndicho tunachokiweza. Ule ujumbe ulikuwa na maandishi ya bluu ya kubonyeza. Tukibonyeza, kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu kinakuja kioo cheupe. Nikasema hiyo itakuwa ya wakubwa, tuiache. Lakini kulikuwa na kundi la kuchati la watoto waliochaguliwa, lililofunguliwa na msichana mmoja wa Kibara, Nyamisi Masatu, ili wafahamiane kabla ya kukutana. Nikamwambia Wegesa: andika humo jina lako, na la baba yako, na la babu yako, na kwamba umekubali. Akaandika. Wenzake wote wakajibu hongera. Nikamwambia anisomee majina yao moja moja, nikayashika, maana hao ndio walikuwa mashahidi wetu. Walikuwa arobaini na mmoja. Jumapili tukatoa shukrani kanisani, na watu wakala kwangu mpaka sufuria zikabaki nyeupe.

Saa nne asubuhi tulikuwa Bunda. Tukaingia kwanza kwenye duka la kuchapisha karatasi karibu na stendi. Mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, akatukaribisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani, na wewe wa kwa nani?"

"Perpetua. Wa kwa Manyama, wa Balili."

"Manyama yule mwenye mguu mmoja mfupi?"

"Huyo alikuwa babu yangu."

"Babu yako alichezaga ngoma kuliko wenye miguu miwili."

Akacheka, akatupa viti. Nikamwambia tumekuja kuchapisha fomu ya kujiunga ya chuo cha uuguzi, nikataja chuo. Akauliza kama mtoto ameshathibitisha.

"Alithibitisha," nikasema, na nikapandisha sauti ili wateja wengine nao wasikie. "Mbele ya watu arobaini na mmoja."

"Watu wa wapi hao, bibi?"

"Wa kwenye kundi."

Perpetua alicheka tena. Alipomwona Wegesa hacheki, akaacha. Akaenda ukutani, akabandua karatasi moja iliyokuwa imebandikwa hapo, akaisoma taratibu kama mtu anayesoma barua ya msiba. Ilikuwa tangazo la chuo kilekile. Lilisema mwisho wa kuthibitisha ni kesho yake, Jumatano, saa kumi jioni, kwenye ukurasa wa chuo. Asiyethibitisha, nafasi yake anapewa mwingine.

"Kundi si chuo, bibi," akasema. "Kundi ni kama abiria waliokutana stendi. Wanaweza kukupongeza kwa safari, lakini gari si lao."

Wegesa akauliza mbona ukurasa ulikataa kufunguka kila tulipojaribu, usiku na mchana, hata tulipopanda juu ya mawe kutafuta mtandao.

"Mliweka kifurushi gani?"

Wegesa akamwambia.

"Basi hapo. Hicho kinafungua milango minne, mitano, ile waliyoichagua wao. Mingine yote kimeifunga. Hata ungepanda juu ya kanisa."

"Waliochagua ni akina nani?" nikauliza mimi.

"Wanaouza vifurushi."

"Walituuliza sisi tunataka mlango upi?"

"Hapana, bibi. Ndiyo maana ni rahisi."

Nilikaa juu ya boksi la karatasi, ingawa kiti kilikuwapo. Nilikuwa nimelisha kijiji kizima kwa jambo ambalo halijafanyika. Na aliyemwambia mtoto aandike kule alikuwa mimi, si mwingine. Wegesa hakunilaumu hata neno moja. Angenilaumu ningepumua.

Perpetua akasema angetufungulia ukurasa palepale bila kutuchaji, lakini mtandao ulikuwa umekatika Bunda nzima tangu asubuhi. Kuna mahali barabarani wachimbaji wameukata mkongo, yaani ule waya mkubwa unaopita chini ya ardhi. Hakujua utarudi lini. "Nendeni Musoma," akasema. "Msinunue ndoo. Nendeni sasa hivi." Nikachukua simu ya Magesa, tuliyokuwa tumekuja nayo, nikampigia Nyangeta, mtoto wa marehemu mdogo wangu, anayeuza samaki Nyakato, hukohuko Musoma. Akasema njooni, mtalala kwangu.

Saa nane mchana, kabla ya kufika Kiabakari, gari letu likasimamishwa. Barabara ilikuwa imechimbwa upande mmoja na magari yanapishana kwa zamu. Nikashuka kunyoosha miguu. Pembeni ya shimo niliona mwavuli mkubwa, na chini ya mwavuli wanaume wawili wamepiga magoti juu ya turubai safi. Walikuwa kimya kabisa, kama waganga wa mifupa. Nikawasogelea. Mmoja aliniamkia bila kuinua kichwa. Nikamwuliza jina, akasema Juvenali, kwao Kasulu.

"Mnatengeneza nini, Juvenali?"

"Tunaunga mkongo, bibi. Tingatinga limeukata."

Kumbe ndio ule wa Bunda. Nilidhani nitaona kitu kama bomba. Nikaona kamba nyeusi, nene kama mkia wa ng'ombe. Ndani yake nyuzi za rangi, na ndani ya kila uzi wa rangi uzi mwingine wa kioo, mwembamba kuliko mvi zangu. Juvenali alikuwa akiusafisha huo wa kioo kwa kitambaa, anaukata ncha, anauweka kwenye kimashine kidogo chenye kidirisha. Kwenye kidirisha niliziona ncha mbili zikisogeleana, zinatafutana, zinatulia. Cheche moja ndogo, na zikawa uzi mmoja. Alifanya hivyo kwa uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sikumsikia hata akipumua.

Halafu akachomeka kitu kama kalamu kwenye ncha moja, akaniambia nisiitazame kwa jicho moja kwa moja, akaniwekea ncha nyingine karibu na kiganja changu. Doa jekundu likaja likakaa mkononi mwangu. Halikuwa na joto. Mwenzake, Fabiani, alisema kalamu nyingine kama ile ikiwashwa mtaa wa mbali huko, doa linafika vilevile.

"Hii taa ndiyo inayobeba maneno?" nikauliza.

"Hii ni ya kupimia tu. Ile inayobeba huwezi kuiona."

"Mwanga usioonekana?"

"Ndiyo, bibi. Upo, lakini jicho letu haliupati."

Nimesali miaka mingi na neno kama hilo nimelisikia kanisani tu. Nilisimama pale na kiganja changu wazi hata baada ya doa kuondoka. Nikamwuliza, huo mwanga unabeba nini sasa.

"Kila kitu," akasema Fabiani. "Barua za ofisi, mahubiri, mpira, mtu anamtukana shemeji yake. Kioo hakiulizi. Kinapitisha."

"Mbona kwetu kinabagua? Kuchati kinapitisha, chuo kinakataa."

Juvenali ndipo akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Si kioo, bibi. Kioo kinapitisha vyote sawasawa. Wanaobagua wamekaa huko mlangoni, mnakochukulia." Akarudi kwenye uzi wake. "Na waambieni watu wenu, wanapochimba mashimo ya nguzo, watuulize kwanza."

Wegesa aliniita, gari linaondoka. "Mke mwenzangu," akanitania, ndivyo anavyoniitaga tukiwa wawili, "ungeachwa hapa ukaolewa na fundi." Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la utani tangu Bunda. Nikashukuru.

Jioni tulifika Nyakato. Nyangeta alitupokea kwa ugali wa muhogo na furu wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa ambao sisi wa ndani tunawasikia kwa jina. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema tusiwe na wasiwasi, yuko mzee mmoja jirani mwenye duka la mtandao, na anafungua mapema.

Jumatano, saa mbili asubuhi, tulikuwa wa kwanza mlangoni. Mwenye duka alikuwa mwanaume wa makamo, kichwa cheupe, miwani imefungwa kwa uzi. Jina lake Majura. Zamani alikuwaga anapanga barua kwenye ofisi ya posta. Akamweka Wegesa mbele ya kompyuta, akamwambia aandike jina la chuo. Wegesa akaandika. Kiduara kikazunguka mara moja tu, na ukurasa ukafunguka.

Siwezi kueleza vizuri. Tulikuwa tumeubishia hodi mlango ule wiki nzima, juu ya mawe ya Mugeta, na hapa ulifunguka kama mlango ambao haujawahi kuwa na kitasa. Palikuwa na picha ya jengo refu, miti, wasichana wamevaa nguo nyeupe. Wegesa aliingiza namba yake, na jina lake likatokea lote, Wegesa Magesa Mturi, limeandikwa na mtu ambaye hatujawahi kumwona. Machozi yakamtoka. Alitaka kuendelea haraka.

Nikamzuia. "Kwanza waambie wenzako."

"Bibi, muda."

"Muda upo, ni asubuhi. Bhoke Marwa wa Tarime aliandika kama wewe, nimekubali. Na Nyanjiga wa Mwibara. Na Sarah Kitunka, na Wankuru. Waandikie kwenye lile kundi kwamba kundi si chuo."

Wegesa akachukua simu akaandika. Hicho kimlango kidogo kilichotupoteza ndicho kilichowafikia wao, sitakisema vibaya chote. Wengi walijibu kwamba wao walishathibitisha zamani. Lakini Bhoke alituma sauti. Analia, anasema naye alidhani imekwisha, anakimbilia mjini sasa. Ndipo nikamruhusu Wegesa aendelee.

Akajaza mstari baada ya mstari. Halafu ukurasa ukadai picha ya cheti cha kuzaliwa, na bila hiyo hauendi mbele. Cheti hatukuwa nacho. Wegesa alisomea Butiama, akikaa kwa mama yake mdogo, Nyakwesi, na cheti kilibaki huko. Maombi ya mwanzo yalijazwa shuleni na mwalimu ambaye ameshahamishwa. Simu ya Nyakwesi ni ya tochi, haipigi picha. Tukampigia. Haikupokelewa.

Majura hakushtuka. Alibonyeza mahali akasema ameuhifadhi ukurasa kama ulivyo, twende Butiama tukautafute huko. Sikumwelewa. Akasema gari la Butiama linajaza hapo barabarani, lakini halitatoka kabla ya nusu saa. "Kaa, bibi. Unataka kuona nini wakati mnangoja?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikasema, "Mugeta."

Akaandika. Tukaanza kushuka kutoka juu, kama mwewe. Niliona ziwa, nikaona barabara tuliyopita jana, nikaona mawe yetu makubwa yamekaa kama ng'ombe waliolala. Halafu mabati. Nikasogea mpaka pua inagusa kioo. Nikaanza kumwonyesha Majura: hapa kwa Sabina, hapa kwa Yohana Wandwi, hii nyasi ni jiko la Nyabuhinda ambaye amekataa bati maisha yake yote, hapa kisima, hapa kwangu. Bati langu lina kipande kipya upande wa mashariki, alichoweka Magesa mvua ya mwaka juzi. Nacho kilionekana, kinang'aa kuliko vingine. Wateja walikuwa wamesimama nyuma yangu wananisikiliza nikitaja nyumba moja moja.

"Mtu aliye mbali kabisa," nikamwuliza Majura, "akiandika Mugeta, anaona hivihivi?"

"Hivihivi."

"Basi watu wasionijua waliliona bati langu kabla yangu."

Majura akavua miwani akaifuta. "Posta, bibi, barua ya waziri na barua ya mkulima ziliingia mfuko mmoja. Mimi nilisoma mahali inapokwenda tu. Sikuruhusiwa kufungua nione ina nini, wala kusema hii ya mapenzi ingoje, hii ya shamba itangulie. Mtandao nao ulianza hivyo. Siku hizi kila mtu anataka kukuchagulia barua." Akatusindikiza mpaka barabarani, akasema salamu kwa kisima.

Gari lilichelewa kujaa, na saa saba kasoro ndipo tuliposhuka Butiama. Tukaenda kwa Nyakwesi, nyumba imefungwa. Jirani akasema ameenda na ng'ombe joshoni. Wegesa alivua viatu akakimbia. Mimi nilikaa kwenye kizingiti nikitazama kivuli cha nyumba kinavyosogea. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nawaza nitakavyosimama Jumapili mbele ya watu waliokula chakula changu, niwaambie nafasi amepewa mwingine kwa sababu nilidhani ulimwengu wote unakubali kama sisi tunavyokubali.

Saa nane ikapita ndipo wakaja, Nyakwesi mbele, miguu yake yote dawa na tope, hana pumzi.

"Shikamoo, mama. Huyu mtoto amenitoa joshoni ng'ombe wangu wawili bado hawajaoga."

"Marahaba, mwanangu. Wataoga kesho. Cheti kiko wapi?"

"Ndani ya sanduku, chini ya mbegu za mahindi. Panya hawagusi kitu kilicho chini ya mbegu, wanaishia juu." Akakitoa, kimefungwa kwa nailoni mara tatu. Hakikuwa na hata kona iliyokunjika.

Karibu na ofisi za wilaya kuna chumba kimoja chenye kompyuta mbili. Anayekiendesha ni mama anaitwa Rebeka, mjane, mkimya. Wegesa akakaa, akaandika namba yake. Na ule ukurasa ukaja. Ulikuwa uleule, picha ya jengo na miti. Mistari aliyoijaza Nyakato asubuhi ilikuwa imejaa kama alivyoiacha. Jina langu mimi lilikuwapo, mahali pa mlezi. Na palepale tulipokwama, pakingoja cheti.

Nilishika ukingo wa meza. "Nani ameuleta huku?" nikamwuliza Rebeka. "Sisi tumekuja na gari, na hakuna aliyetupita."

"Hakuna aliyeuleta, mama. Uko mahali pamoja. Sisi ndio tunaouendea, kila mtu kutoka alipo. Ukienda kutoka Butiama, ukienda kutoka Ulaya, ni uleule."

"Na kwangu Mugeta ungekuwa uleule?"

"Uleule. Kama njia iko wazi."

Rebeka akakipiga picha cheti, akaituma. Kwenye kioo kulikuwa na mstari unaojaa polepole kutoka kushoto. Ulifika nusu ukasimama. Nyakwesi alianza kunong'ona Salamu Maria. Wegesa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa tisa. Mstari ukasogea tena, kidogo, kidogo zaidi, ukajaa. Wegesa akabonyeza mara ya mwisho. Maandishi ya kijani yakatokea, na hayo niliyasoma mwenyewe, silabi moja moja, sikumwachia mtu: Nafasi yako imethibitishwa.

Nilimwomba Rebeka atuonyeshe orodha ya waliothibitisha. Ilikuwa imepangwa kwa herufi tu. Wegesa alikuwa chini kabisa, kwa sababu ya W, na chini yake hakukuwa na mtu. Nilitafuta jina la Bhoke Marwa. Lilikuwapo. Nilitafuta pia mahali palipoandikwa huyu mtoto wa ofisa, huyu wa mfugaji, huyu kifurushi kikubwa, huyu kidogo. Sikupaona. Majina yote yalikuwa na unene mmoja.

Alhamisi tulirudi kwa njia ya Nyamuswa, na jioni tulikuwa nyumbani, bila ndoo wala shuka. Jumapili nilisimama kanisani nikasema kweli: shukrani niliyoitoa juzi ilikuwa ya jambo ambalo halikuwa limefanyika, na kosa lilikuwa langu. Sasa limefanyika. Wifi yangu Sabina akauliza kwa sauti kama basi tutakula tena. Nikamwambia ale kumbukumbu.

Niliyojifunza ni haya. Nilidhani sisi wa Mugeta tuko mwisho wa dunia na vitu vinachelewa kutufikia, na kwamba mlango usipofunguka ni wa wakubwa. Si kweli. Kile kioo kinafika, na kikifika hakijui mimi ni nani, na huo ndio uzuri wake ambao bado unanisisimua nikilala. Ni watu wanaosimama mlangoni na kusema wewe ingia huku tu. Na sisi tulikuwa tumekubali, tena kwa kushukuru, bila kuuliza kuna vyumba vingapi ndani.

Kwa hiyo sisi wanawake kumi na wawili, ambao tunalimianaga mashamba kwa zamu, tumeongeza zamu nyingine. Kila Jumamosi mmoja wetu anaweka kifurushi kizima, kile kinachofungua kila kitu, na simu inakaa uani kwake, mtoto anayejua kusoma vizuri anaishika. Mwenye shida anakuja. Kuhusu nani atangulie tulibishana, mpaka Nyabuhinda akasema tufuate sheria ya kisimani: aliyetangulia kuweka ndoo ndiye anayechota, na haulizwi maji ni ya uji au ya pombe.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa kwangu. Wegesa alishika simu, maana chuo hakijafunguliwa. Wa kwanza kufika, kabla sijafagia, alikuwa mzee Mturi, mdogo wa marehemu mume wangu. Wa pili alikuwa Nyabise, binti wa Sabina, ana fomu ya chuo cha ualimu mkononi na mama yake nyuma yake.

"Shemeji unataka kutafuta nini?" nikauliza, kisha nikakumbuka kwamba haulizwi. Lakini alishaanza kujibu.

"Wazungu wanapita hapa kila kiangazi kwenda kutazama tembo wanaokula mahindi yetu. Mimi nataka kuona mbuzi wao."

Uani watu wakacheka. Sabina hakucheka. "Kaka, mpishe mtoto. Yeye ana jambo la maana."

Wote wakanitazama mimi. Nakiri kwamba moyo wangu ulikuwa kwa Nyabise. Nilijua vizuri fomu ni kitu gani na saa kumi ni kitu gani. Niliangalia karatasi yake, ilikuwa na siku tisa mbele. Lakini hata ingekuwa siku moja, mtu akianza kusimama mlangoni na kupima la maana, kesho atakuwa amesimama hapo mwingine ambaye hatumjui.

"Mzee ndiye aliyetangulia," nikasema. "Wegesa, mwandikie mbuzi."

Mbuzi wakatokea. Walikuwa wamesimama juu ya jabali lenye weupe kama chumvi, manyoya yao marefu yanafika magotini, pembe zimejikunja mara mbili. Mzee Mturi aliweka mkono mdomoni. Nyabise alikuwa ameiacha fomu yake kwenye kigoda na ameinama juu ya bega la mzee, na mama yake naye alikuwa hapo, shingo imenyooka.

"Wanakunywa wapi maji hawa?" mzee akauliza kwa sauti ndogo.

Wegesa akatafuta. Tukangoja. Mzee alipokwisha kuona alishukuru kwa mikono miwili, akainuka akampisha Nyabise, akachukua kigoda chake akaenda kukaa mwisho wa foleni.